Bima ya Kuwatunza Wasiojiweza



Mzee wa hapa Masalani asipoweza kujiinua kitandani kwa miaka mitano, ni nani atakayegharimia utunzaji wake? Serikali huwapa wazee walioandikishwa katika Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, hulipia matibabu. Lakini kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa usiku si matibabu. Kazi hiyo humwangukia mke au binti, naye huacha biashara yake bila ujira.

Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji mwaka 1995. Huko jina la ugonjwa halitoshi. Mkaguzi hutazama mgonjwa aweza kujifanyia nini mwenyewe: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Tena hapati malipo asiyetimiza miaka miwili katika bima. Sharti hilo laonekana kali, walakini watu wakingoja kuugua ndipo waingie, mfuko hukauka. Kwao sheria humlazimisha kila mtu kuwa na bima hiyo. Sisi hatuna nguvu hiyo, wala hatuitaki.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali kwamba asikataliwe mtu kwa sababu ya maradhi yake, ila kila anayeingia, mzima na mgonjwa, angoje miaka miwili. Dai likaguliwe nyumbani na wanachama wawili, mmoja wao mwanamke, kwani mama mgonjwa hatawaeleza wanaume habari za kuogeshwa. Mto Tana ukifurika na njia zikafungika, wakaguzi wasubiri, lakini malipo yahesabiwe tangu siku dai lilipoletwa.

Kiasi cha mchango mtaelezwa na mweka hazina.