Mchango, Kodi na Daftari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Karatu)



Jambo tulilokabidhiwa ni hili: mtu atoapo fedha kuwasaidia wafanya biashara wadogo wa vijijini, je, yafaa Serikali impunguzie kodi? Katika baadhi ya majimbo ya Marekani iko desturi ya namna hiyo: mtu akichangia mfuko uliokubaliwa na Serikali, sehemu ya mchango wake huondolewa katika kodi anayodaiwa. Wanachama wengi wameuliza kama kwetu pana mfano wake.

Mfano wa karibu upo, ila sisi hautufikii. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 16, yampa ruhusa mwenye biashara aliyechangia taasisi ya hisani au kazi ya maendeleo ya jamii kuutoa mchango huo katika mapato yake kabla ya kodi kuhesabiwa, mradi usipite asilimia 2 ya mapato ya biashara. Tufanye hesabu. Kampuni yenye mapato ya shilingi 100,000,000, hata ikichanga 5,000,000, itahesabiwa 2,000,000 tu. Na kwa kuwa kodi ya kampuni ni asilimia 30, kodi itakayosamehewa ni shilingi 600,000. Sisi wenye mshahara, ambao kodi hukatwa kabla hatujaishika fedha, hatumo katika kifungu hicho. Karani akitoa shilingi 10,000, ametoa 10,000 kamili.

Lakini tusinung'unike upesi. Itazameni ile 600,000. Kampuni yasifiwa kwa kuitoa, kumbe ni fedha ambayo ingeingia hazina. Watu wote wameichanga, nao hawakuulizwa. Kwa hiyo msamaha wa kodi nao ni matumizi ya mali ya umma, na yapasa kuandikwa na kukaguliwa kama matumizi mengine yote.

Kwa biashara ndogo nchi yetu imeshika njia nyingine. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yaiamuru kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapo hakuna anayeombwa mchango wala anayepewa shukrani. Ila mchangaji yupo. Magari ya watalii yapita hapa Karatu kila siku kuelekea lango la Lodoare, na wageni hulipa kiingilio cha Ngorongoro. Fedha hiyo si mapato ya ndani ya halmashauri yetu. Mapato ya ndani yatoka katika ushuru na ada, na miongoni mwake umo ushuru wa mazao. Basi mama alimaye vitunguu kule Mang'ola kwa maji ya mfereji ni mmoja wa wachangaji wa mfuko ule ule anaokwenda kuuomba mkopo. Akinyimwa kwa hila, amenyimwa cha kwake.

Na hila zimekuwapo. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha mikopo mingi isiyorejeshwa, na vikundi vingine vilivyopewa fedha havikuonekana tena. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa taratibu mpya. Waliokosa mkopo katika muda ule ni pamoja na wale waliolipa deni lao kwa uaminifu.

Tulipata kuonyeshwa daftari la kikundi kimoja cha wanawake. Fedha waliyoiomba kwa mbegu na vibarua iliwafikia miche ikiwa imekwisha pandwa kwa mkopo wa mchuuzi. Ikaliwa nyumbani, ikalipa na ada za watoto. Vitunguu vilipovunwa bei ilikuwa imeanguka, wakadaiwa na pande mbili. Hawakuwa wezi, waliandikiwa tarehe isiyojua msimu. Vivyo hivyo kwa jirani zetu wa Ngorongoro: ndani ya eneo lile lililotengwa mwaka 1959 kilimo kimekatazwa, na mwanamke wa kifugaji hutegemea maziwa, mbuzi na shanga. Kumdai kila mwezi wakati wa kiangazi ni kumlazimisha auze mbuzi aliyekonda kwa bei ya hasara.

Basi sisi tufanye nini? Tuna mambo matatu. Kwanza, wanachama wawili wawili wajitolee Jumamosi moja kila mwezi wakakifundishe kikundi kimoja kuandika fedha iliyoingia na iliyotoka. Mchango huo hauna punguzo la kodi, wala hauhitaji. Pili, sisi tunaoandaa karatasi za mikopo tuwashauri wakubwa wetu kwamba siku ya kutoa na siku ya kulipa zifuate mavuno na mnada, na orodha ya waliokopeshwa isomwe katika mkutano wa kijiji. Tatu, na hili twalisema kwa haya: asiwepo mmoja wetu atakayeandika kikundi cha majina matupu, au kumtanguliza ndugu yake mbele ya wenye haki. Wizi wa namna hiyo hauwezekani pasipo kalamu ya karani.

Wakubwa wataamua kama misamaha ya kodi iongezwe au ipunguzwe. Daftari li mikononi mwetu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali hii ni ya mama wa Mang'ola.