Kibao Kimesahauliwa, Mbuzi Ameletwa
(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo)

Leo sikuja na somo la mbolea. Nataka tuzungumze juu ya mchezo wetu wa jukwaani, maana wengi mmeniuliza: yule mzee wetu alisahau kweli, au alijifanya?

Kwa wale ambao hawakuwepo, mchezo ni mfupi. Mama mmoja wa Tanga ameolewa huku kwetu kando ya ziwa, na ameletewa nazi kutoka kwao. Anamwambia mumewe, "Baba watoto, nenda kwa jirani uniazimie kibao cha mbuzi." Mume anakwenda. Njiani anasalimiana na huyu, anaulizwa bei ya dagaa na yule. Akifika, "kibao" kimekwisha kudondoka njiani, amebaki "mbuzi". Na neno hilo Msukuma halimpi taabu hata kidogo!

Kumbe jirani ana deni la mbuzi la siku nyingi. Anaposikia, "Nimefuata mbuzi," anatetemeka, anafungua zizi. Nyumbani mama ameshika nazi, anakabidhiwa kamba. "Nitaikunia wapi, pembeni?" Watu walicheka mpaka benchi likaanguka.

Tazameni kichekesho kilivyofungwa. Kusahau peke yake si kitu. Jirani asingekuwa na deni angeuliza, "Mbuzi gani?" na mchezo ungekwisha pale pale. Hofu yake ndiyo iliyomjibia. Mrusi mmoja, Nikolai Gogol, alitumia njia hiyo katika mchezo ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836. Kwa Kiswahili ulitoka mwaka 1979, ukaitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Wakubwa wa mji mdogo wana makosa yao; anapotokea mpita njia, wanamdhani ndiye mkaguzi.

Na hapa hapa mkoani Mwanza, kijijini Malya, Kwimba, mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya michezo na wanakijiji juu ya matatizo yao wenyewe, kama mimba za wanafunzi. Walianza kwa kuzungumza na watu, ndipo wakatunga. Mimi nilifanya kinyume. Niliandika, nikagawa karatasi.

Basi mzee wetu aliposimama kimya pale zizini, mlidhani anaigiza, mkacheka. Maneno yalikuwa yamemtoka kweli. Baadaye alinifuata nyuma ya darasa akasema, "Mwalimu, ile karatasi sikuisoma. Mjukuu alinisomea mara mbili tu." Ameniruhusu niwaambie. Cheti cha kisomo anacho, lakini miaka imepita bila kitu cha kusoma, na herufi zimemkimbia. Nilipompa karatasi alitikisa kichwa, nami nikaona inatosha. Sikumwomba asome hata mstari mmoja. Na mimi ndiye mwalimu!

Sasa kila Jumanne jioni tunasoma naye sehemu yake, taratibu. Juzi alifika kwenye neno "kibao", akasimama, akacheka mwenyewe.

Tutauonyesha tena mchezo huu mwaloni, Jumamosi, mitumbwi ikisharudi. Aliyecheza jirani amesafiri. Anayetaka nafasi yake anione. Kama karatasi inamshinda, aniambie hilo pia, tutaanzia hapo.