C+ ni Mlango, Si Kiti



Matokeo ya KCSE yakitoka, swali ni lile lile, uwe Bondeni, Njoro, Gilgil au Molo: "Je, nitaingia chuo kikuu cha serikali?" Leo tulijibu kwa hesabu, si kwa uvumi wa mtaani.

Mwaka wa 2024 watahiniwa 962,512 walifanya KCSE. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya chini ya kusomea digrii, walikuwa 246,391. Karibu mmoja kwa kila wanne.

Zamani, wakati wa JAB, hata C+ haikutosha. Nafasi zilifuata idadi ya vitanda vyuoni, na wengi waliofaulu wakabaki nyumbani au wakajilipia masomo ya parallel. KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ilichukua kazi hiyo. Sasa mwenye C+ ana matumaini makubwa ya kupata chuo. Lakini sikiza vizuri: kupata chuo ni jambo moja, kupata kozi unayoitaka ni jingine.

Chukua mfano. Wanafunzi wawili wamepata B, kila mmoja pointi 60 kati ya 84. Wote wanataka udaktari. Wa kwanza ana Biolojia 10, Kemia 10, Hisabati 9 na Kiingereza 9. Jumla 38 kati ya 48. Wa pili aling'ara katika IRE, Kiswahili na Historia, lakini Biolojia ana 6, Kemia 5, Hisabati 7. Hata tukimhesabia Kiswahili chake cha 11, anafika 29. Gredi ni moja, nafasi si moja! Masomo hayo manne ndiyo huitwa klasta, na kila kozi ina yake. Huyu wa pili si mjinga. Akiomba kozi ya lugha au ualimu wa masomo yake, huenda akampita mwenzake.

Basi mwanangu, fanya haya. Kwanza, jua klasta ya kozi unayoitaka sasa hivi, kabla ya mtihani, ujue somo gani la kutilia mkazo. Pili, tazama pointi za mwisho zilizochukuliwa mwaka uliopita. Kozi moja hutofautiana chuo na chuo, kwa hivyo usiandike Nairobi kwa sababu ya jina na kuisahau Egerton iliyo hapa Njoro. Tatu, siku za kuomba zikitangazwa, kaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Usimwachie kijana wa saiba akuchagulie maisha, wala usingoje siku ya mwisho.

Tena, nafasi si karo. Mkopo wa HELB huombwa kando. Na kwa kuwa una riba, kaa na wazazi na sheikh wako mapema mlizungumze, si wiki ya kuripoti chuoni.

Je, wale watatu waliobaki kati ya wanne? Hawa ndio wengi wetu, na hawa ndio tunaowasahau. Mwenye C- anaweza kusoma diploma. Mwenye D anaweza kusoma cheti cha ufundi. Kozi za fundi wa kawaida zinapokea hata waliopata chini ya hapo. Taasisi za serikali tunazo hapa hapa Nakuru. Na aliyemaliza diploma vizuri anaweza kuomba digrii baadaye. Njia ni ndefu zaidi, lakini haijafungwa.

Wazazi wetu, jioni moja baada ya futari, muulizeni mtoto anapenda nini na anaweza nini, kisha mnyamaze mumsikilize. Wako waliosomea ndoto ya baba na wakaiacha njiani mwaka wa pili. Karo ile hairudi, na miaka ile pia hairudi.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi watahiniwa wetu. Wassalaam.