Sheria Isiyoeleweka Humfunga Mwalimu Mdomo

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu wa sekondari waliokusanyika katika semina ya mwisho wa juma.)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kunong'ona au kwa kufoka, na mara chache sana kwa utulivu. Jambo lenyewe ni ubishi unaoendelea katika nchi za Magharibi juu ya sheria zinazomzuia mwalimu kufundisha, au hata kutaja, habari za mapenzi ya watu wa jinsia moja mbele ya wanafunzi wake. Habari hizo hutufikia vipande vipande; leo Marekani, kesho Uingereza, keshokutwa Hungaria. Msikilizaji wa kwetu aghalabu hubaki na moja kati ya dhana mbili: ama huko kila mtoto anafundishwa upotovu, ama huko kila mzazi anayelalamika ni adui wa haki. Dhana zote mbili ni za uvivu.

Sikuja hapa kubishana juu ya sheria na mila za nchi yetu, ambazo zinajulikana. Nimekuja kuuliza swali linaloihusu kazi yenu: sheria inapoingia darasani na kumwambia mwalimu asiseme, je, humwachia nini cha kufanya pale mtoto anaponyosha mkono na kuuliza?

Ndugu Walimu, tuanze na Uingereza, kwa sababu huko jaribio hilo lilianza na kwisha, na matokeo yake yamekwisha kuonekana.

Mwaka 1983 kilichapishwa kwa Kiingereza kitabu kidogo cha watoto kilichoandikwa na mwanamke wa Denmark, Susanne Bösche. Kilieleza habari za msichana anayelelewa na baba yake pamoja na mwanamume mwenzake. Ilipofika mwaka 1986 magazeti ya London yalikuwa yakikipigia kelele kitabu hicho kana kwamba kimegawiwa kila shule. Halmashauri kadhaa za mji huo zilikuwa mikononi mwa chama cha Labour, na chama kilichotawala nchi kilikuwa Conservative. Basi ugomvi wa kitabu ukawa ugomvi wa vyama. Oktoba 1987, katika mkutano mkuu wa chama chake mjini Blackpool, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alilalamika hadharani kwamba watoto wanaostahili kufundishwa maadili ya asili wanafundishwa kuwa wana haki ya kuwa wapenda jinsia yao.

Mei 1988 kikaanza kutumika Kifungu cha 28 cha Sheria ya Serikali za Mitaa. Kifungu hicho kiliikataza halmashauri kuendeleza mapenzi ya jinsia moja kwa makusudi, au kuendeleza ufundishaji wa kwamba uhusiano wa namna hiyo unakubalika kama familia, familia ambayo sheria yenyewe iliiita ya kujisingizia.

Nawaomba mlitazame neno hilo "kuendeleza". Mwalimu akimjibu mtoto aliyeuliza, je, ameendeleza? Akimkanya mwanafunzi anayemtukana mwenzake, ameendeleza? Akimsikiliza kijana anayelia ofisini mwake, ameendeleza? Sheria haikusema. Tena, ukiisoma kwa makini, ilizihusu halmashauri na wala haikumgusa mwalimu mmoja mmoja. Serikali yenyewe ilitoa waraka mwaka huo huo wa 1988 kueleza kwamba mazungumzo ya haki darasani hayakukatazwa, wala ushauri kwa mwanafunzi mwenye matatizo. Lakini ni walimu wangapi husoma waraka? Wengi walisikia jambo moja tu: nyamaza.

Kwa miaka yote 15 ya uhai wake, hakuna halmashauri hata moja iliyotiwa hatiani mahakamani kwa Kifungu cha 28. Wapo waliosema kwamba hiyo ni dalili kuwa sheria haikumdhuru mtu. La hasha! Sheria ile haikuhitaji mahakama. Ilifanya kazi yake ndani ya kifua cha mwalimu, pale alipouma ulimi na kugeukia ubao. Hofu haina kumbukumbu za kesi, na kwa hiyo haihesabiki.

Tazameni pia kinyume kilichokuwamo. Mwaka 1987 serikali ile ile ilipeleka kijikaratasi katika kila nyumba ya Uingereza kuwaonya watu wasife kwa kutojua habari za UKIMWI. Mwaka uliofuata ikapitisha sheria iliyomtia mwalimu woga wa kuzungumza na vijana, ambao ndio waliohitaji zaidi kuyajua mambo hayo. Sisi hatuna haja ya kuwacheka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wakautafutia ugonjwa ule jina la nguo, wakauita Juliana, kwa kuwa kuutaja waziwazi kulitutia haya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi kilio tulikisikia.

Kifungu kile kilifutwa kwanza Scotland, mwaka 2000. Kabla ya kufutwa, tajiri mmoja mwenye kampuni ya mabasi, Brian Souter, alitumia fedha zake kuendesha kura ya maoni ya watu binafsi. Karatasi zaidi ya milioni moja zilirudishwa, na karibu asilimia 87 ya waliozirudisha walitaka sheria ibaki. Hata hivyo Bunge la Scotland liliifuta kwa kura 99 dhidi ya 17. Uingereza yenyewe na Wales zilifuata mwaka 2003. Mwaka 2009 David Cameron, aliyekuwa kiongozi wa chama kile kile cha Thatcher, aliomba radhi kwa sheria hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, mtu angedhani kwamba dunia imejifunza. Sasa twende Marekani.

Tarehe 28 Machi 2022, Gavana Ron DeSantis wa jimbo la Florida alitia saini sheria iliyoitwa ya haki za wazazi katika elimu. Wapinzani wake waliipachika jina la sheria ya "usitaje". Sheria hiyo ilipiga marufuku mafundisho ya darasani juu ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia tangu chekechea hadi darasa la tatu, na katika madarasa ya juu ikataka mafundisho yalingane na umri. Mzazi asiyeridhika aliruhusiwa kuishtaki wilaya ya shule.

Nataka nitende haki hapa. Mzazi anayeuliza mtoto wake wa miaka sita anafundishwa nini hana kosa. Ni haki yake, na wengi wetu humu tungeuliza vivyo hivyo. Lakini angalieni yaliyofuata. Ilipofika Aprili 2023 Bodi ya Elimu ya jimbo iliupeleka mwiko huo hadi darasa la 12, isipokuwa pale mtaala wa jimbo unapolazimu mafundisho hayo, au katika somo la afya ya uzazi ambalo mzazi anaweza kumtoa mwanawe. Ndiyo kusema, sheria iliyotetewa kwa jina la mtoto wa miaka sita ikamfikia kijana wa miaka 17 katika mwaka mmoja tu.

Katika wilaya ya Lake, wakuu wa shule waliwazuia watoto wadogo kusoma kitabu cha hadithi ya ndege wawili wa kiume wa aina ya pengwini, katika bustani ya wanyama ya New York, walioatamia yai na kulea kifaranga. Baadaye wenye mamlaka wakaeleza kwamba sheria ilihusu mafundisho, si vitabu vya maktaba, na kitabu kikarudi rafuni. Machi 2024 kesi kubwa juu ya sheria hiyo ilimalizwa kwa mapatano. Mapatano yaliiacha sheria mahali pake, ila yalifafanua kwamba kutaja si kosa, kwamba mwanafunzi anaweza kuandika habari za familia yake, na kwamba kumlinda mtoto asionewe hakukatazwi. Naam, ilichukua miaka miwili na mawakili wengi kumwambia mwalimu kwamba anaruhusiwa kumtetea mtoto anayeonewa!

Lakini, Ndugu Wazazi, kosa haliko upande mmoja. Mwaka 2019, miaka 16 baada ya Kifungu cha 28 kufutwa, wazazi wa Birmingham, wengi wao Waislamu, walisimama kwa wiki nyingi nje ya milango ya shule za msingi wakipinga vitabu vyenye familia za wazazi wa jinsia moja. Katika jimbo la Maryland, wilaya ya Montgomery iliingiza vitabu vya namna hiyo mwaka 2022, ikawaruhusu wazazi kuwatoa watoto wao katika vipindi hivyo, kisha mwaka 2023 ikaiondoa ruhusa hiyo. Wazazi wa Kiislamu na wa Kikristo wakaenda mahakamani pamoja. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliwapa haki ya kuwatoa watoto wao. Shule inayomwona mzazi kama kikwazo hukutana naye mbele ya jaji.

Na ipo hatari nyingine. Urusi ilipitisha sheria yake mwaka 2013 kwa hoja ya kuwalinda watoto. Mwaka 2022 ikaipanua hata kwa watu wazima, na Novemba 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikalitangaza jambo inaloliita harakati ya kimataifa ya watu hao kuwa la msimamo mkali. Kazi ya kumlinda mtoto ilikuwa imesahauliwa zamani.

Tunajifunza nini basi? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, sheria ya darasani hapana budi iseme waziwazi mpaka uko wapi. Neno lisilo na mpaka humwadhibu mwalimu mwangalifu na kumwacha mzembe, kwa kuwa mzembe hakuwa na nia ya kumsaidia mtoto tangu hapo.

Pili, sheria inayotaja yasiyoruhusiwa itaje pia yaliyo wajibu. Kumlinda mwanafunzi asitukanwe na asipigwe ni wajibu, hata kama sababu ya kutukanwa kwake ni jambo tusilopenda kulitaja. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mambo ya kikatili na ya kumdhalilisha. Haikuandika kwamba watoto fulani hawamo.

Tatu, mzazi ashirikishwe mapema. Februari 2023 Wizara yetu ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume cha maadili. Wizara inayo mamlaka hayo. Lakini kitabu kikiondolewa rafuni, swali halikuondoka kichwani mwa mtoto. Simu iliyo mfukoni mwake italijibu, nayo haina maadili wala huruma. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Akili hiyo haiwezi kufunguliwa asubuhi na kufungwa mchana.

Ndugu Walimu, naomba niwie radhi nimalizie kwa jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na mwenzetu mwenye sauti nyembamba, aliyependa kwenda kisimani pamoja na wasichana. Tulimpa jina. Asubuhi moja jina lile lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Mwalimu wetu aliingia, akalisoma, akalifuta, akaanza kufundisha hesabu za sehemu. Hakusema neno. Darasa lilicheka, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Baada ya majuma machache kijana yule aliacha shule, na hakurudi.

Mpaka leo sijui maumbile yake yalikuwa yapi, wala haikuwa kazi yetu kujua. Alikuwa mtoto, tena mwerevu wa hesabu kuliko mimi niliyefika Chuo Kikuu. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, na hakuna sheria iliyomkataza kusema. Nadhani hakujua tu aseme nini bila kuonekana ametetea jambo lisilotetewa. Angeweza kusema maneno machache: "Katika darasa hili hakuna atakayetukanwa." Maneno hayo hayaendelezi kitu chochote isipokuwa utu.

Basi, kama siku moja mtaitwa kutoa maoni juu ya sheria ya namna hii, wala msikimbilie kuuliza wapinzani wake ni nani na wafadhili wao ni nani. Ulizeni kwanza kama mwalimu atakayeingia darasani asubuhi na kukuta jina limeandikwa ubaoni atajua kwamba anaruhusiwa kusema.