Safari Yetu ya Pangani
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

 Tulianza mwaka 2014 chini ya mwembe, akina mama 25, kila mmoja na shilingi elfu moja yake ya wiki. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo hatutamnyang'anya kazi yake. Sisi tumeombwa tueleze safari yetu ya Pangani ya mwaka 2019, maana wanachama wapya wanaisikia tu ikitajwa, wanadhani tulikwenda kutembea na kula pweza.

Jamani, haikuwa hivyo. Tulikwenda tumegombana.

Mwaka ule mwenzetu mmoja alikopa laki sita akanunua machungwa shambani. Mvua za masika zikashika, lori likakwama kwenye tope siku nne, mzigo ukaoza. Aliposhindwa kuleta marejesho mara mbili, sisi viongozi tulikwenda nyumbani kwake tukabeba cherehani yake, tukaiweka kwa katibu. Alikuwa akishonea watoto wa jirani sare za shule. Tulimkuta peke yake na hakusema neno.

Kikundi kikagawanyika. Wengine wakasema tumefanya vyema, wengine wakasema ni aibu. Ikafika mahali watu hawasalimiani kisimani. Wapo waliotaka sanduku livunjwe, kila mtu achukue chake. Ndipo bibi mmoja wetu, mzaliwa wa Pangani, akasema, "Wanangu, kabla hamjavunja, twendeni kwanza mkaone kwetu." Hatukugusa fedha za kikundi. Kila mtu alitoa nauli yake mfukoni, na yule mwenzetu wa machungwa bibi alimlipia.

Kutoka kwetu Muheza hadi Pangani ni kama kilomita 45. Ilikuwa mwezi wa saba. Gari zima tulikuwa kimya kama tunakwenda msibani.

Mji wa Pangani uko pale mto unapoingia baharini, na maji ya mto ule yanatoka mbali, Kilimanjaro na Meru. Zamani misafara ya pembe za ndovu ilishukia hapo. Kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake, watu wa pale walikataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita vile, na akanyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tulipoelezwa hayo tulisimama kidogo. Shuleni tuliyasoma tukayapita haraka haraka.

Halafu tukaona nyumba. Nyumba za Pangani za zamani ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, dari zake ni boriti za mikoko, milango ina nakshi, na mbele kuna baraza ya kukaa wageni. Nyingine bado zina watu na zinapendeza. Nyingine zimebaki kuta, na mtini umeota ndani.

Tulimkuta mzee mmoja amekaa barazani, tukamwamkia. Tukamwuliza, nyumba nzuri namna hii imeangukaje? Akasema nyumba ya mawe haifi kwa uzee, inakufa kwa maji. Paa likivuja mahali padogo, maji yanaingia kwenye boriti, boriti inaoza, dari inashuka, halafu ukuta unakosa wa kuushika. Na mtu akija kuziba ufa kwa saruji tupu anazidisha ubaya, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta uliojengwa kwa chokaa.

Tukauliza, kwa nini paa halikuzibwa mapema? Akacheka, akasema, "Nyumba ina warithi wengi. Kila mmoja anajua fungu lake ni lipi, lakini tundu la paa halikuwa fungu la mtu."

Tulitazamana. Hapakuwa na haja ya kuongeza neno.

Mchana tulivuka mto kwa pantoni kwenda Bweni, maana mwaka ule daraja halikuwapo. Tukapita mashamba ya mkonge mpaka Ushongo, kijiji cha wavuvi. Kusi ilikuwa inavuma sana. Ngalawa zimevutwa juu ya mchanga, samaki wa siku ile walikuwa wachache, akina mama wamekaa kivulini wanasuka ukili. Sisi tuliozoea sokoni tukawahurumia. Mmoja wao akatuambia, "Dada zangu, msituhurumie. Kusi si mgeni, huja kila mwaka." Akatueleza kwamba wakati wa kaskazi bahari inatulia na samaki ni wengi, basi hapo ndipo wanapoweka akiba na kukausha ng'onda. Maji ya bamvu yakitoka sana wanakwenda mwambani kutafuta pweza. Na mwenzao akiwa na deni wakati wa kusi hadaiwi, anangojewa bahari itulie.

Walituonyesha pia upande kilipo kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti na kasa walipanda kutaga. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Kwa hiyo mayai ya kasa wanaotaga kule huchukuliwa, yakafukiwa pwani ya Ushongo ili yasioze kwa maji. Kumbe hata kasa ana watu wa kumshikia nafasi yake mpaka watoto watoke.

Tuliporudi garini hatukunyamaza tena. Tulifanya mkutano humo humo barabarani, katibu anaandika huku gari linamrusha. Tulikubaliana mambo matatu, na mpaka leo yamo katika katiba yetu. Kwanza, kila wiki tunatoa kidogo kwenye mfuko wa jamii, kwa ajili ya mwenye kufikwa. Pili, chombo cha kazi cha mwanachama hakichukuliwi kwa deni. Tatu, kabla ya kutoa mkopo tunauliza msimu, kwa maana sisi viongozi ndio tuliotoa fedha za machungwa katikati ya masika bila kuuliza barabara ikoje.

Cherehani ilirudi kesho yake. Mwenzetu alimaliza deni lake mwaka 2021. Yupo hapa leo, ameketi safu ya pili, na ametupa ruhusa tuyaseme haya.

Lakini kuna jambo hatujalifanya miaka yote hii. Tulirudisha cherehani usiku, watu wasituone, wakati kuichukua tuliichukua mchana. Kwa hiyo leo, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya majirani, sisi viongozi tunakuomba radhi, ndugu yetu. Tulikukosea.

Wenzetu wawili walijitoa wakati ule kwa uchungu. Tunawaambia kwamba majina yao hatujayafuta daftarini. Na ninyi wanachama wapya msifurahie tu ukubwa wa sanduku. Tazameni paa. Mkiona panavuja semeni mapema, hata kama si juu ya kitanda chenu.