Mkono Nao Una Bei
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya washona kofia, Siyu)

Nyinyi wazee mlioketi pale nyuma, karibuni, maana kofia huvaliwa na nyinyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya bei. Mimi si mshonaji, sindano yangu inajua vifungo tu. Lakini nimekaa na vikundi vya hapa na vya Pate, na swali langu ni lile lile: kofia hii imekugharimu nini? Jawabu huwa, "Bafta na uzi." Basi. Nikiuliza, na mkono? watu hucheka. "Mkono si wangu mwenyewe?"

Hapo ndipo tunapopotea.

Kofia ya vito mnaijua kuliko mimi. Kila kitundu hutobolewa, kikazungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka kitambaa kijae. Ni kazi ya miezi. Haya, tuseme mama ameshona siku 50, kila siku kwa muda wa saa tatu, baada ya kupika na kuteka maji. Hizo ni saa 150. Bafta, uzi na mchoraji vimekula shilingi 500. Mnunuzi akampa 3,000. Toeni 500, zabaki 2,500. Gawanyeni kwa saa 150. Ni shilingi 16 na senti kidogo kwa saa. Kijana anayebeba mchanga jengoni, tuseme hulipwa 600 kwa siku ya saa nane. Hiyo ni shilingi 75 kwa saa, naye hachoshi macho yake kwa taa.

Kwa hesabu ya kijana huyo, mkono wa mama ni 11,250, na kofia nzima 11,750. Nasikia mnaguna. Nani atanunua? Ni kweli, si kila mtu. Kofia za mashine zinaingia kutoka nje kwa bei ndogo, na wa kila siku atavaa hiyo. Msishindane nayo. Ya kwenu ni ya bwana harusi, ya Idd, ya mtu anayejua kuipindua akatazama upande wa ndani. Huenda ukapata 8,000. Sawa, lakini ujue umepunguza kiasi gani. Kupunguza bila kujua ndiko kunakonikera.

Kwa hiyo kila mmoja awe na daftari: tarehe, ameanza lini, ameacha lini. Asiyeandika apige mistari ya mkaa ukutani, mwanawe atahesabu. Kufua, kutia wanga, kuweka kwenye faruma, na nauli ya boti mpaka Amu, vyote viingie.

Sasa liko zito zaidi. Mama mmoja, kijiji sitaji, alishona miezi minne. Hesabu yake aliijua vizuri. Usiku mtoto akashikwa na homa, ikatakiwa pesa ya boti na ya dawa. Asubuhi kofia ikaenda kwa bei ya mnunuzi. Tumlaumu? Mimi siwezi. Bei yake iliharibika usiku ule, kabla ya soko.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kukubaliana bei ambayo asishuke mtu, wekeni sanduku la dharura. Kidogo kidogo kila wiki. Mwenye shida akopeshwe bila riba, kofia yake ikae rehani kwa mweka hazina mpaka Mfunguo Sita, wageni wa Maulidi wakijaa Amu. Na mkiweza kununua jora la bafta pamoja, mtakuwa mmetoka kwa tajiri anayewakopesha kitambaa na uzi, kisha akawakatia bei kabla hamjatunga sindano.

Mwezi ujao nikirudi nitaomba kuona daftari tatu tu, kwa kuanzia. Na wewe bibi uliyebakisha mzunguko wa mwisho, tafadhali, usiiuze kabla hatujaonana.