Sanduku la Umeme wa Dharura



Mitambo ya umeme ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kazi mwaka 1964. Hata hivyo, jirani wa mtambo naye hukaa gizani gridi inapoanguka, kama ilivyotokea nchi nzima tarehe 1 Aprili 2024. Uchungu wa uzazi haungoji umeme urudi.

Hapo ndipo lifaapo sanduku la betri linalochajiwa kwa jua. Vifaa vyake ni sanduku la mbao lenye mpini, betri ya volti 12 na ampea-saa 20, kontrola ya chaji, fyuzi, swichi, soketi ya simu na paneli ya wati 50.

Betri hiyo hubeba wati-saa 240. Ikiwa ni ya asidi, itumike nusu tu ili idumu. Nusu hiyo huwasha balbu mbili za wati 5 kwa saa 10, ikabaki akiba ya simu. Jua zuri la siku moja huijaza tena. Pasi na jiko visiunganishwe kamwe.

Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri, kwani nyaya zikigusana bila fyuzi, sanduku huweza kuungua. Betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie. Sanduku liwe na matundu, kwa kuwa betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya betri hupungua hata isipotumika. Basi sanduku lichajiwe kila wiki, hata umeme ukiwapo.